Uongo Uliopewa Jina Zuri

Mtu akitaka kusema kwa Kiingereza kwamba fulani amekuza mambo, hakosi neno. Lipo "exaggeration", lenye asili ya Kilatini, maana yake kurundika, kama arundikaye udongo mpaka ukawa kilima. Lipo na "hyperbole" la Kiyunani, yaani kurusha kitu kikapita shabaha. Hayo hatuna ugomvi nayo. Nasi twatia chumvi, na twapiga chuku. Na chuku ni ile pembe ya kuumikia, ibandikwapo mwilini nyama ikafura, ingawa haikuongezeka hata chembe.

Ugomvi wetu ni na neno jengine, dogo: "puff". Maana yake ni pumzi, upepo wa kupuliza. Na katika biashara ya Waingereza ndilo jina la sifa za kupita kiasi ambazo muuzaji huipa bidhaa yake. Si jambo la juzi. Mwaka 1779 Sheridan alimtia katika mchezo wake, The Critic, bwana aitwaye Puff, akizigawa sifa hizo mafungu matano kama mwalimu darasani. Kichekesho hicho. Lakini neno likaja kuingia mahakamani, na huko likatakiwa liwe ngao.

Sikilizeni khabari ya Bibi Louisa Carlill. Mwaka 1891, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza gazetini kuwa atakayetumia tufe lao la mpira lenye unga wa dawa, la kuvutia puani, mara tatu kila siku kwa wiki mbili, kisha akashikwa na homa ya mafua, atalipwa pauni 100. Na ili waaminiwe, wakasema wameweka pauni 1,000 benki. Bibi akanunua, akatumia karibu miezi miwili, akaugua. Alipodai, kampuni ikajibu kuwa tangazo lilikuwa puff tu! Yaani: sisi tulisema, nyinyi mliamini kwa nini? (Na tufe lenyewe kazi yake ilikuwa kupuliza. Hapo angalau walisema kweli.)

Disemba 1892 majaji watatu wa rufani walimpa haki yake. Wengi huishia hapo wakasifu. Lakini tazameni majaji walishika nini: zile pauni 1,000 za benki, kuwa ni dalili ya kukusudia kweli. Puff yenyewe hawakuivunja. Asemaye dawa yake yashinda zote duniani, bila ya kuahidi jambo la kupimika, bado aweza kujificha nyuma yake.

Kesi hiyo husomeshwa wanafunzi wa sheria hata Nairobi na Dar es Salaam. Kinachotuudhi ni wenye maduka wetu walioichukua puff wakaiacha hukumu. Umuulize mmoja vipi mafuta yake yaponye kila maradhi, atakwambia, "Hayo matangazo tu, mzee." Matangazo tu! Apunjaye kibaba twamwita mpunjaji. Hatusemi "ni vibaba tu".

Watasema: mbona washairi hupiga chuku? Naam, hupiga. Lakini aimbaye kuwa machozi yake yamejaza bahari hamuuzii mtu bahari, na kila asikiaye ajua. Mwenye chupa ya mafuta ataka uamini, tena ulipe, na pengine uache dawa ya hospitali.

Na nyinyi wenye magazeti na redio mpokeao malipo ya matangazo hayo, twawauliza: chupa hiyo mngempa mama yenu aliyelazwa?