Kiitikio ni cha Nani?

Imezuka tabia ya kumpima msanii mkongwe kwa mizani ya majonzi. Atoapo albamu mpya, husemwa kwamba ya zamani ilikuwa bora, basi. Na msemaji aulizwapo ni bora kwa lipi, hujibu kwa kutaja mwaka aliokuwa shuleni. Hiyo si hukumu. Ni kumbukumbu ya ujana iliyovikwa joho la uhakiki, na inasikitisha zaidi inapotoka vinywani mwa walimu.

Tabora inacho kipimo kingine, tena cha zamani. Kabla reli haijafika mjini humo mwaka 1912, njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, nayo ilijaa wapagazi wa Kinyamwezi. Kirangozi alitangulia akiimba. Nyuma yake watu wenye mizigo mabegani waliitikia. Wimbo usioitikiwa haukusogeza mguu hata mmoja, na kirangozi aliyejiimbia mwenyewe angejikuta peke yake porini.

Kwa kipimo hicho na atazamwe Joseph Haule, yaani Profesa Jay, aliyetokea kundi la Hard Blasters. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, "Machozi, Jasho na Damu", ilitoka mwaka 2001. Ndani yake umo "Ndio Mzee", kejeli ya mgombea anayeahidi yasiyowezekana, na umati unaomwitikia kila aahidipo. Ustadi wote umo katika kiitikio hicho. Anayechekwa si mgombea tu. Anachekwa pia yule aitikiaye kabla hajapima alichoambiwa. Ni watumishi wangapi walioucheka wimbo huo redioni usiku, kisha asubuhi wakatamka maneno yale yale mbele ya mkuu wa idara, wakijua fika kwamba anachosema hakitekelezeki?

Mwaka 2006 ikaja "J.O.S.E.P.H", na ndani yake "Nikusaidiaje", alioimba pamoja na Ferooz. Hapa msanii amekwisha kuwa mtu maarufu, na watu wanamjia na shida zao. Waliodai kwamba mtunzi amekwisha walikosea. Mzigo wa kutegemewa na jamaa na marafiki ni jambo la kweli, na kila mwalimu anaufahamu tangu siku anapopokea mshahara. Lakini kiitikio kimehama. Mwaka 2001 kilikuwa cha umati. Sasa ni cha mwenye mlango, na huruma ya msikilizaji inavutwa upande wa anayeombwa kuliko wa anayeomba. Hapo ndipo albamu hii ilipo chini ya ile ya kwanza, wala si katika miaka mitano iliyozitenganisha.

Mwaka 2015 mtunzi huyo huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akapanda jukwaa lile lile alilolikejeli. Wapo walioona kinyume katika jambo hilo. Kinyume hakipo: wapiga kura wake walikwisha kupewa naye mwenyewe, miaka 14 kabla, namna ya kumsikiliza.

Mwalimu wa Kiswahili aliyechoka na ubishi wa zamani na sasa aziweke nyimbo hizo mbili mbele ya darasa, asitaje mwaka hata mmoja, awaulize wanafunzi ni nani anayeitikia.