Pesa na hela si sarafu moja
Ndugu mwandishi, makala tamu, ila hapo ulipoandika "pesa au hela" kana kwamba ni kitu kimoja umeniacha njiani. Mtaani sawa. Kwa sisi wakusanyaji ni mbili tofauti: pesa za Wajerumani zilizoanza 1890 zilikuwa 64 kwa rupia, hela zikaja 1904, 100 kwa rupia. Na wewe mdau hapo juu unayesema "Heller" ni kosa la uchapaji, hapana, ndivyo ilivyoandikwa kwenye sarafu yenyewe. Ninayo ya Heller 20 iliyotengenezwa Tabora, 1916, niliikuta kwenye kopo la vifungo la marehemu bibi. Kwenye lebo naandika Heller, nikiongea nasema hela, basi. Ila mwandishi, hiyo "Rupien 1" uliyoandika, jamani! Rupien ni wingi, moja ni Rupie.