Sheria ya Maziwa Isiwe Rungu la Mnyonge



Maziwa safi ni haki, wala si fadhila ya serikali. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, yatambua haki ya kila mtu kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kulipwa fidia anapodhuriwa na bidhaa mbovu. Kwa hivyo hatumtetei yeyote atiaye maji au kemikali katika maziwa. Huyo amwibia maskini na kuhatarisha uhai wa mtoto.

Tunachopinga ni sheria yenye macho ya kumwona mdogo pekee. Shirika la KCC, lililoundwa na walowezi mwaka wa 1925, lilihodhi biashara ya maziwa mijini hata baada ya uhuru. Uuzaji wa maziwa mabichi humo ulipigwa marufuku kwa jina la usafi, na marufuku hiyo ikawa pia ukuta wa kulinda ukiritimba. Kifungu cha 2A, kilicholinda utawala wa chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991. Ukiritimba wa maziwa nao ukaondolewa mwaka wa 1992. Sheria zilibadilika, lakini mazoea ya mabavu yakabaki. Mchuuzi akikamatwa na maziwa yake yakamwagwa mtaroni kabla ya kupimwa, hiyo ni kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Na kupima si kazi ngumu. Laktomita hufichua maziwa yaliyotiwa maji kwa dakika chache. Hatari kubwa zaidi hazionekani kwa macho. Ng'ombe akilishwa chakula chenye kuvu, sumu ya aflatoksini huingia katika maziwa yake, na kuchemsha hakuiondoi. Mabaki ya dawa alizotibiwa ng'ombe pia hustahimili moto. Basi pakiti iliyofungwa vizuri si cheti cha usafi. Mkaguzi asiyefika kwa wasagaji wa chakula cha mifugo na katika viwanda vikubwa hajalinda afya ya mtu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, maziwa yasimwagwe kabla ya kupimwa, na mwenyewe apewe matokeo kwa maandishi. Pili, matokeo ya ukaguzi wa viwanda vyote yatangazwe hadharani, bila kuficha jina la mwenye nguvu. Tatu, Bodi ya Maziwa iendeleze kwa bidii kazi ya kuwafunza wachuuzi wadogo na kuwapa leseni, badala ya kuwaacha mikononi mwa wadai hongo.

Nanyi waumini, katika vikundi vya akina mama na vyama vya ushirika, nunueni laktomita, pimeni maziwa yenu, na mkatae yaliyochafuliwa hata yakiletwa na jirani. Atakaye haki sharti awe mwaminifu kwanza. Kisha tusimame pamoja tumwambie mtawala: kipimo kiwe kimoja, kwa mwenye kiwanda na kwa mwenye baiskeli.