Kabla ya Siku ya Kuungana

Historia ya mtaa wa kanisa huharibika mapema pale mwandishi anapoianza na siku askofu alipobariki muungano. Walioungana walikuwa na wazee wao, nyimbo zao na makaburi yao kabla ya siku hiyo, na hayo ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Tunalisema hili sasa kwa sababu ya Diaca, kwenye barabara ya Mueda kwenda Mocímboa da Praia. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 viliwatawanya watu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hadi Pemba, Nampula na ng'ambo ya Ruvuma. Wanaorejea hawarudi na makundi yale yale waliyokuwa wakisali nayo, hivyo hulazimika kuungana upya. Upande wa Mueda Wakristo wengi ni Wakatoliki, tangu wamisionari wa Montfort walipofungua misheni ya Nangololo mwaka 1924, lakini jambo hili la kuungana halichagui dhehebu. Waanglikana wa kusini mwa Tanzania walilipitia zamani.

Oktoba 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni ya Kianglikana, aliondoka Zanzibar, akapitia Lindi na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Wengi walitamani kufika kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Safari ikaishia Masasi. Hawakuwa ukoo mmoja. Wengine walikuwa Wayao, wengine Wanyasa, na walilolishiriki wote ni Kiswahili cha Unguja na miaka ya kulelewa misheni. Wakajenga katikati ya wenyeji, Wamakua na Wayao, ambao hawakuwa wamewaalika. Kwa hiyo Masasi ilikuwa muungano tangu siku ya kwanza, ingawa hakuna hati iliyoiita hivyo. Mwaka 1882 Wangoni waliuvamia mji, wakaua na kuteka watu. Baada ya hapo mmisionari Chauncy Maples akahamia Newala, kwa chifu Matola, na baadhi ya walionusurika. Usharika mmoja ukawa na makao mawili, ukabeba msiba mmoja.

Vitabu vingi humtaja Steere, Maples, kisha Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa 1926. Ni haki yao. Lakini Cecil Majaliwa, Myao aliyetoka utumwani akiwa mtoto, akawekwa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA, hupewa mistari michache. Wanawake waliotembea kutoka Lindi hawapewi hata mmoja.

Muungano mkubwa zaidi ulikuja 1960, dayosisi za UMCA na za CMS (Church Missionary Society) zilipoingia jimbo moja la Afrika Mashariki, na 1970 Tanzania ikapata jimbo lake. Uvumba wa ibada za UMCA haukuzimwa Masasi, wala haukulazimishwa Dodoma ya CMS. Nadhani ndiyo sababu muungano huo ulidumu.

Kwa watakaoandika habari za Diaca, ombi letu ni dogo: tafuteni vitabu vya ubatizo vilivyookolewa, na pale vilipoungua waulizeni wazee sasa. Kila kikundi kiulizwe peke yake kwanza: nani alikuwa katekista, nani alianzisha nyimbo, nani hakurudi.