Walihesabu Damu, Hawakumwona Ombaomba



Mwezi wa Novemba 1990 kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster, ya mjini New York, iliamua kutokichapisha kitabu ambacho ilikuwa imekwisha kumlipa mwandishi wake. Kitabu hicho kilikuwa riwaya ya Bret Easton Ellis iitwayo American Psycho. Hazikupita siku nyingi kampuni nyingine, Vintage, ikakidaka, na Machi 1991 kikaingia madukani. Kabla msomaji wa kawaida hajakishika mkononi, majarida ya Time na Spy yalikuwa yamechapa dondoo za kurasa zake za kutisha, na ugomvi ukawaka. Tawi la Los Angeles la chama cha wanawake kiitwacho NOW liliwataka watu wasusie vitabu vya mchapishaji huyo. Mhakiki Roger Rosenblatt aliwaambia wasomaji wa New York Times kwamba wakitaka wakipekue dukani, lakini wasikinunue. Mwandishi alipokea vitisho vya kuuawa. Huko Australia kiliuzwa kikiwa kimefungwa kwa nailoni, kwa watu wazima peke yao, na jimbo la Queensland likakipiga marufuku kabisa.

Mtu aweza kuuliza: ugomvi wa New York watuhusu nini sisi? Watuhusu kwa kuwa Patrick Bateman, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, amekwisha kuingia nyumbani mwetu pasipo kubisha hodi. Filamu iliyoongozwa na Mary Harron mwaka 2000 ilimpa sura, sura ya mwigizaji Christian Bale, na leo vipande vyake huzunguka katika simu za vijana: Bateman akitunza ngozi yake asubuhi, Bateman akifanya mazoezi ya viungo, Bateman akipita ofisini akiwa amevaa suti isiyo na mkunjo hata mmoja. Wapo vijana wanaomtazama kuwa kielelezo cha mwanamume aliyefanikiwa. Na wazazi wanapotanabahi, neno la kwanza vinywani mwao ni lile lile la Queensland: kipigwe marufuku. Nakusudia kuwapinga wote wawili, yule anayemhusudu Bateman na yule anayetaka afichwe tu.

Kwanza tuijue habari yenyewe. Bateman ni kijana tajiri wa Manhattan, mtu wa Wall Street katika miaka ya mwisho ya 1980. Mchana hatumwoni akifanya kazi yoyote ya maana. Anahangaika kutengewa meza katika mkahawa usiopatikana. Anatokwa jasho la husuda mwenzake akitoa kadi ya biashara iliyopigwa chapa vizuri kuliko yake. Kila anayeingia chumbani huelezwa kwa jina la aliyemshonea suti, kisha tai, kisha viatu, ukurasa baada ya ukurasa, hata msomaji hachoki tu bali huanza kusahau kwamba ndani ya nguo zile mna watu. Wao wenyewe wamesahau. Huitana kwa majina yasiyo yao, wala hakuna anayejali kusahihisha. Usiku Bateman anaua. Anaua wanawake, anaua mwenzake wa kazi, anaua mtoto. Maelezo ya mauaji hayo yanatia kichefuchefu, nami simshauri mtu yeyote ayasome ili kujipima ujasiri.

Wanawake wa Los Angeles walikuwa na hoja, na hoja yao haijapata jibu la kutosha hadi leo. Mwanamke anayepigwa nyumbani kwake hapati faraja yoyote kwa kuambiwa kwamba kipigo cha kitabuni ni kejeli. Watetezi wa kitabu walikuwa na neno hilo moja, kejeli, wakalinyunyiza kila mahali kama maji ya baraka. Yatupasa kuwauliza: ikiwa mwandishi analalamika kwamba binadamu amefanywa bidhaa, mbona yeye mwenyewe aliwapa mashati maelezo marefu kuliko aliyowapa marehemu? Mzee Norman Mailer, aliyeandika juu ya kitabu hiki katika jarida la Vanity Fair mwaka 1991, alilalamika kwamba hakuonyeshwa undani wa roho ya muuaji. Hata yeye, kwa umashuhuri wake wote, aliulizia roho ya muuaji tu.

Sasa tazameni ni nani aliyesahauliwa na pande zote mbili. Bateman anakutana usiku na ombaomba aitwaye Al, amelala mlangoni pamoja na mbwa wake. Anamwuliza kwa nini hatafuti kazi. Anamkemea kwa kunuka. Kisha anamtoboa macho. Baadaye sana anapita tena na kumkuta Al akiomba, na bango lake linasema kwamba macho aliyapoteza vitani Vietnam. Ukweli wa jambo lililompata hauna mnunuzi. Uongo wa vitani angalau huleta senti. Sikupata kusikia mgomo ulioitishwa kwa ajili ya Al. Sikupata kusikia mhakiki aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Na katika riwaya nzima jina la mchezo wa kuimbwa uitwao Les Misérables, uliotokana na kitabu cha Victor Hugo juu ya mafukara, linatokea tena na tena, katika matangazo na katika muziki wa matajiri hao. Wanayapenda machozi ya mafukara wa Paris yakiimbwa vizuri. Mafukara wa New York wanawaruka kando ya njia. Msomaji wa Injili hahitaji kuelezwa ni mlango gani huo, wala ni nani aliyelala pale na vidonda vyake.

Lakini kuna ukurasa ambao ningetaka usomwe na kila mjumbe wa tume yetu, nao hauna damu hata tone. Uko mwanzoni kabisa, kwenye chakula cha jioni. Wageni wanazungumza upuuzi, na Bateman anawakatiza kwa hotuba. Anasema yapasa kukomesha ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, kupunguza silaha za nyuklia, kuwalisha wenye njaa duniani, kuwapatia makao wasio na makao, na kuwafundisha vijana wasiabudu mali. Hotuba nzuri. Ingeweza kusomwa katika semina yetu yoyote, ikapigiwa makofi na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kisha chakula kinaendelea. Je, ni wangapi kati yetu tuliotoa hotuba kama hiyo Jumamosi, na Jumatatu tukamkata mtumishi wa nyumbani mshahara kwa sababu ya sahani iliyovunjika?

Hapo ndipo kitabu hiki kinapouma, na hapo ndipo wasomaji wengi walipokwepa. Kelele za damu ziliwafaa sana. Mtu akipiga kelele juu ya damu hana haja ya kueleza habari za viatu vyake. Ellis mwenyewe amekiri miaka ya baadaye kwamba aliandika kutokana na maisha yake ya wakati ule, akiwa amezama katika utupu wa kununua na kujionyesha. Ni ungamo la mtu aliyekaa mezani. Na Mei 1, 1991, majuma machache tu baada ya kitabu kutoka, Papa Yohane Paulo II alitoa waraka wa Centesimus Annus, ambamo alionya juu ya maisha yanayotanguliza kuwa na vitu mbele ya kuwa mtu. Mmoja aliandika kwa matusi, mwingine kwa sala, na ugonjwa walioutaja ni ule ule. Parokia ngapi zimeusoma waraka huo katika jumuiya, achilia mbali kuutundika ubaoni?

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo kejeli yetu juu ya utajiri, na ilipokewa kwa namna tofauti kabisa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ akiwa kizuizini Kamiti, kwenye karatasi za chooni. Ikatoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980, na kwa Kiswahili, Shetani Msalabani, mwaka 1982. Humo wezi na wanyang'anyi wanashindana hadharani, kila mmoja akijisifu jinsi alivyowapora watu. Ngũgĩ amesimulia jinsi kitabu hicho kilivyosomwa kwa sauti majumbani na vilabuni, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Wasikilizaji wale hawakuwa na shaka wamesimama upande gani wa kejeli, kwa maana waliotendwa walikuwa na sauti ndani yake: Warĩnga anasema, Wangarĩ anasema. Katika American Psycho aliyetendwa hana neno. Muuaji ndiye anayetusimulia kila kitu, na msomaji asiye mwangalifu hujikuta amekaa ndani ya suti yake, akitazama dunia kwa macho yake. Ndiyo maana kijana wa leo aweza kuitazama filamu ile hadi mwisho na kuondoka akiwa na hamu ya krimu ya uso.

Basi marufuku itasaidia nini? Ujerumani ilizuia kitabu hiki kisiuzwe kwa vijana kuanzia mwaka 1995, na kufikia 2001 kizuizi kilikuwa kimeondolewa. Kampuni ya kwanza ilikitupa, ya pili ikakiuza, na kila kelele ikawa tangazo lisilolipiwa. Kitabu kinacholalamikia soko kililishwa na soko. Katekista anayemnyang'anya kijana simu anamfanya Bateman kuwa tunda lililokatazwa, naye Bateman hutaka hivyo hasa. Afadhali aketi na vijana hao, wakiwa wakubwa wa kutosha, awaulize ni nini wanachokitamani kwa mtu yule. Wakijibu ni nidhamu, awaulize nidhamu hiyo ilimfaidia nani. Wakijibu ni suti, tumekwisha kufika mahali pa kuanzia, tena bila unafiki, maana kijana hakuzaliwa akijua bei ya suti. Ametufunza sisi wenyewe tuliompa mwenye suti kiti cha mbele.

Karibu na mwisho wa riwaya Bateman anarudi katika nyumba alimoacha maiti. Anaikuta imesafishwa, ina maua, na dalali wa nyumba anaionyesha kwa wanunuzi. Dalali anamtazama, anaelewa jambo fulani, na kumwambia aondoke asirudi tena. Hapigi kelele wala haiti polisi. Nyumba ya Manhattan ina bei, na maiti hushusha bei. Kisha Bateman anamwungamia wakili wake mauaji yote. Wakili anacheka akidhani ni mzaha, tena anamdhania ni mtu mwingine.

Wengine walisema sehemu hii haiaminiki, nao walikuwa wasomaji makini. Mimi naiona kuwa ya kweli kupita zote. Mgeni rasmi wa harambee anaposhuka garini, ni katibu gani wa halmashauri aliyemwuliza kiwanja kile cha kando ya mto alikipataje, na waliokuwa wakiishi pale wamekwenda wapi? Tunamvisha shada. Tunatangaza kiasi cha fedha kwenye kipaza sauti, tunapiga vigelegele, na jina lake tunalichonga kwenye jiwe la ukumbi mpya. Wale waliobomolewa vibanda wamesimama nje ya ua, na walinzi wetu wenyewe ndio wanaowazuia langoni.

Katika kikao kijacho cha halmashauri, kabla ya kujadili filamu za vijana, mwenyekiti aweke kwenye ajenda orodha ya wafadhili wa ukumbi.