Chuma Kilichooshwa Si Lazima Kiwe Kizima

Wakulima wengi siku hizi wana pawa-so za kukatia mikaratusi na migrivelia ya shambani. Mashine ikifa, mwenyewe hununua nyingine mbovu, na fundi huziunganisha mbili zikawa moja. Hiyo ni akili njema, wala hakuna haya kutumia chuma cha zamani. Lakini maoni yetu ni haya: kuosha spea si kuipamba, ni kuipima.

Kabla ya kufungua kitu, vua waya wa plagi na uondoe mnyororo. Kisha ondoa unga wa mbao kwa brashi kavu, hasa katikati ya mapezi ya silinda. Mapezi yakiziba, injini haipati hewa ya kuipoza. Ukifungua kabla ya kupiga brashi, takataka zitaingia ndani.

Vyuma vioshe kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Usivitie katika kostiki soda, kwa maana hiyo hula alumini, na pistoni ni ya alumini. Masizi yaliyo juu ya pistoni yakwangue kwa kijiti cha mti mgumu, si kwa bisibisi.

Sasa tazama vizuri. Silinda nyingi zina ngozi nyembamba ya madini magumu kwa ndani. Alumini ya pistoni ikiwa imegandama hapo, fundi hodari aweza kuiondoa. Lakini ngozi yenyewe ikiwa imebanduka, silinda hiyo itupwe. Beringi izungushe kwa vidole; ikikwaruza, tia mpya. Sili na gasketi za zamani usizirudishe hata zikionekana nzima. Hewa ikipenya hapo, petroli yenye mafuta huwa haba ndani ya injini, na pistoni uliyonunua juzi itaungua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako watu wasemao kwamba breki ya mnyororo si kitu, kwa kuwa mashine hukata hata bila hiyo. Ni kweli hukata, na mtu pia humkata. Ncha ya bamba linalobeba mnyororo ikigusa gogo, mashine yaweza kuruka ghafula kumwelekea aliyeishika. Kazi ya breki ni kuusimamisha mnyororo kabla haujamfikia usoni. Kwa hiyo ukanda wa breki uliolika, au springi iliyolegea, usioshwe ukarudishwa. Nunua mpya. Katika jambo hili hatukubali hesabu ya kubana senti, maana mkono hauna spea.

Mwisho, uliza mashine ya kwanza iliuawa na nini. Mara nyingi ni petroli isiyochanganywa vyema. Fuata kitabu cha mashine yako. Nyingi za siku hizi hutaka fungu 1 la mafuta kwa mafungu 50 ya petroli, yaani mililita 20 kwa lita moja. Mafuta yawe yale ya injini za namna hiyo, si ya gari. Usipojua sababu, ugonjwa ule ule utarudi.

Basi mkulima, usimwachie fundi mashine ukaenda zako sokoni. Zione spea zimeoshwa, zimepangwa mezani, na uzishike moja moja kabla hazijafungwa. Fedha ni zako, na mkono utakaoishika mashine ni wako.