Mgeni wa hisa apige hesabu ya hasara kwanza

Tangu Novemba 2021, mwekezaji katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) anaweza kununua hisa asubuhi na kuziuza siku hiyo hiyo kabla ya soko kufungwa saa tisa alasiri. Nafasi hiyo ina mvuto kwa mwenye duka, au mkulima aliyepokea malipo ya chai na asiyetaka fedha zilale. Wageni wengi huanza kwa kuuliza ni hisa gani itapanda. Wangeuliza kwanza wanaweza kupoteza kiasi gani.

Mtego wa kwanza ni ada. Kwa biashara ndogo, ada za wakala na za soko hukaribia asilimia 2 ya thamani ya hisa, na hutozwa wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Anayenunua hisa za Sh10,000 hulipa karibu Sh200, na akiuza hulipa nyingine kama hizo. Bei isipopanda kwa asilimia 4 siku hiyo, ameshinda akimfanyia wakala kazi. Katika soko ambalo bei haiwezi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na ambamo hisa nyingi hukaa kutwa bila kusogea, asilimia 4 si haba.

Wazoefu hawahatarishi zaidi ya asilimia 1 au 2 ya mtaji katika biashara moja. Mwenye Sh20,000, basi, kikomo chake ni Sh400. Tuseme hisa inauzwa Sh20, naye ameamua kwamba ikishuka hadi Sh19 atauza. Kila hisa itampotezea shilingi moja, na ada zitakula karibu senti 80 zaidi. Akinunua hisa 200 kwa Sh4,000, hasara yake itakuwa Sh360 hivi, ndani ya kikomo. Hesabu hii huandikwa kabla ya kununua. Baada ya kununua, tamaa na hofu ndizo hushika kalamu.

Hata hivyo, bei ya kuuzia haina maana pasipo na mnunuzi. Zipo hisa ambazo siku nzima hupita bila hata moja kuuzwa. Anayejifunza abaki na zile chache zinazouzwa kwa wingi kila siku, kama za Safaricom na benki kubwa.

Lakini hata hizo hazina dhamana. Mwaka 2008, Wakenya wengi walikopa benki ili kununua hisa za Safaricom kwa Sh5, wakitarajia kuziuza mara moja kwa faida. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo, wanunuzi wadogo wakapata karibu moja ya tano tu, yaani takriban asilimia 21 ya walichoomba, huku riba ikihesabiwa kwa mkopo wote. Bei ilivuka Sh7 mwezi Juni. Mapema 2009 ilikuwa chini ya Sh3. Fedha za mkopo, za karo au za mbolea ya msimu ujao hazifai kuingia humo.

Nchini Taiwan, watafiti waliochunguza rekodi za wauzaji wa siku kuanzia 1992 hadi 2006 walipata kwamba chini ya asilimia 1 ndio waliopata faida mfululizo baada ya kulipa ada. Ndiyo maana mgeni anashauriwa kufanya mazoezi kwa daftari walau miezi mitatu, akiandika bei halisi, ada na sababu ya kila uamuzi, kabla ya kugusa mtaji. Daftari likionyesha hasara, atakuwa amepoteza wino tu.

Mawakala nao wana wajibu. Wanaoendesha mafunzo waonyeshe jumla ya ada kwa shilingi, si kwa asilimia zilizotawanywa kurasa tatu. Na mkufunzi anayeahidi faida ya kila siku aulizwe leseni yake ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) kabla ya kulipwa hata senti.